Mwalimu, Picha na Sikio la Ng'ombe

Mwalimu hakupenda watu waangalie picha wamesimama. Ukiingia kwenye ukumbi wake pale Bariadi, kabla hujamaliza kusema mwadila, salamu yetu ya Kisukuma, alikuwa ameshakusukumia kigoda. "Kaa," angesema. "Anayesimama anapita tu." Ndiyo maana picha zote alizitundika chini, usawa wa macho ya mtu aliyekaa. Wageni kutoka mkoani walipomuuliza kwa nini ukuta wa juu uko mtupu, aliwajibu kwamba ule ni wa mijusi.

Ukumbi huo zamani ulikuwa ghala la pamba, na mvua ikinyesha bado unanuka pamba. Duka langu la pembejeo linatazamana nao mlango kwa mlango, kwa hiyo kwa miaka mingi nilimwona Mwalimu kuliko nilivyowaona ndugu zangu. Namwita Mwalimu kwa sababu alinifundisha sayansikimu shule ya msingi. Ukimwambia kushona ni kazi ya wasichana alikupa sindano mbili badala ya moja. Sisi wavulana tulishona vifungo mpaka vidole vikatoboka, na mimi nilifeli, maana vyangu vilikuwa vinaning'inia.

Picha zilimfikia kwa sababu hakuna mwingine aliyezitaka. Padri mmoja wa Kizungu aliyeishi huku siku za mwisho za ukoloni alikuwa akizunguka na kamera yake minadani, harusini, ngomani na kwenye vituo vya kununulia pamba. Alipofariki kwao, ndugu zake walirudisha huku boksi la picha na bati la biskuti lililojaa filamu, zile ambazo mtu mweusi huonekana mweupe. Boksi lilizungushwa ofisi kadhaa, na kila ofisi ilisema suala hilo si la idara yake. Mwalimu, ambaye alikuwa amestaafu majuzi tu na nyumba imeanza kumchosha, alikwenda kulichukua kwa baiskeli, amelifunga na khanga.

Nyuma ya kila picha padri alikuwa ameandika maneno machache: "Mchungaji na ng'ombe wake." "Wanawake wakivuna." "Mzee wa Kisukuma." Mwalimu alisoma kumi za mwanzo, akavua miwani.

"Huyu padri aliwala watu hawa kuku zao," akasema. "Alishindwa kuwauliza majina?"

Hapo ndipo alipoweka sheria yake moja tu: picha isiyo na jina haipandi ukutani. Zilizokosa majina zilikaa mezani, na kila aliyeingia alitakiwa azipekue kwanza ndipo atazame nyingine. Mezani hazikwisha haraka, kwa hiyo alianza kwenda nazo mnadani. Alitandika khanga karibu na zizi, akazipanga, akaweka mawe juu zisipeperuke. Wachuuzi wa dawa za mitishamba wakadhani amewaingilia biashara.

Mnadani alijifunza jambo ambalo, alisema, chuo cha ualimu hawakumfundisha. Wazee wetu hawakuanza na uso wa mtu. Walimtazama ng'ombe. Wangeinama, wakatazama pembe, rangi ya tumbo, mkato wa sikio, kisha wakasema, "Huyu ni wa kwa fulani, alizaa mapacha," na baada ya hapo ndipo wakasogeza kidole kwa binadamu aliyesimama pembeni: "Basi huyu atakuwa mdogo wake." Mwalimu akaandika. Karibu nusu ya majina ya ukumbini yalipatikana kwa njia hiyo, kupitia ng'ombe.

Hakuwa mtu mwepesi. Siku afisa mmoja alipomletea pendekezo kwamba picha zipangwe kwa miaka, aliliweka pendekezo chini ya kikombe cha chai. Yeye alizipanga kwa kazi: za kulima pamoja, za kupima pamba pamoja, za ngoma na za harusi upande wake. "Muulize mama yangu mwaka, atakuambia ule wa njaa. Muulize kazi, atakuambia na aliyekuwa anamdai jembe." Ukichelewa kwenye miadi yake alikufungia mlango, lakini yeye mwenyewe sikumbuki siku aliyowahi. Na chai yake! Jani moja lilichemshwa asubuhi likachemshwa tena mchana, na bado alikuuliza kama imekolea.

Zaidi ya yote alikataa kupigwa picha. Mtu aliyetumia uzee wake wote kutafuta sura za watu hakuwa na sura yake popote. Nilipomtania kwamba watu wa baadaye watamtundika kama "Mwanamke wa Bariadi", alinijibu kwamba watu wa baadaye wana midomo, waulize. Nilimwona akichekea picha mara moja tu, na haikuwa yake. Bibi mmoja aliyekuja mjini kumsindikiza mjukuu kliniki aliingia ukumbini kukimbia jua, akajikuta ukutani: msichana mwenye furushi la pamba kichwani, meno yote nje. Alikaa pale mpaka mjukuu akaanza kulia kwa njaa.

"Mbona hakuna aliyeniambia kwamba nilikuwa mzuri?" akasema bibi.

"Walikuwa wanakutamani, wangekuambiaje?" Mwalimu akamjibu, wakacheka wote wawili mpaka nikavuka barabara kuona kuna nini. Kesho yake alimsafishia nakala ndogo, bibi akaenda nayo kwao ndani ya kitambaa cha kichwani.

Nasimulia haya kwanza kwa sababu nataka mmuone alivyokuwa kabla sijawaambia kwamba kuna wakati nilimchukia.

Picha iliyotugombanisha niliipa jina mimi mwenyewe. Ilikuwa mezani, imekuzwa kubwa kutoka filamu ya lile bati kwenye studio moja ya Mwanza: mwanamume kijana amevaa shati jeupe, ameshika kamba ya ng'ombe mweusi mwenye baka la uso, na ng'ombe ameielekea kamera kana kwamba ndiye aliyeomba kupigwa. Nilimpelekea Baba picha hiyo nyumbani Lagangabilili. Aliishika kwa mikono miwili, akaniambia, "Huyu ni baba yangu." Alikuwa mdogo babu alipokufa na hakuwa na picha yake nyingine. Nilirudi Bariadi nikiwa na kiburi cha ajabu. Mwalimu akaandika jina la babu kwa mwandiko wake wa ubaoni, picha ikapanda ukutani.

Baba yangu, mjue, ni mtu anayeitwa kwenye kesi za ng'ombe. Si hakimu wala hana cheo, ila watu wakigombania ndama huko kwetu Itilima humfuata yeye kwanza, kwa sababu anajua alama za kila ukoo na hana upendeleo. Hiyo ndiyo heshima aliyo nayo duniani. Shamba lake ni la kawaida, na wanawe ndio sisi hawa.

Majuma machache baadaye akaja mzee mmoja kutoka Sola, huko Maswa. Alikaa kwenye kigoda mbele ya babu yangu, akainama, akainuka, akainama tena. Nilikuwa ukumbini siku hiyo, nimeleta sukari.

"Mayu," akamwambia Mwalimu, yaani mama, kwa heshima kabisa, "ng'ombe huyu ni wetu."

Kwao, akasema, wamekuwa wakisimuliana tangu kwa babu zao habari za ng'ombe mweusi mwenye baka la uso aliyeibwa asionekane tena. Alama ya ukoo wao ni kukata ncha ya sikio la kulia. Akatuonyesha. Pale pichani, sikio la kulia la ng'ombe halikuwa na ncha, na kamba iko mkononi mwa babu yangu.

Nilimwita Baba. Alifika kesho yake, akatazama, akasema alama yetu sisi ni ncha ya sikio la kushoto, na babu hakuwahi kuwa na ng'ombe wa alama nyingine.

"Ndiyo maana nasema si wenu," mzee wa Sola akajibu.

Baba mwenyewe ndiye aliyewafundisha watu kwamba mdomo husema mengi lakini sikio la ng'ombe lina neno moja.

Habari kama hiyo haihitaji basi. Ilifika mnadani, ikafika Lagangabilili, ikarudi Bariadi imenenepa. Lisemwalo lipo, watu walisema, na hili si la kusemwa tu, lina picha. Hakuna aliyemtukana Baba. Waliacha tu kumwita. Kesi ya kwanza ilipita ikaenda kwa mwingine, ya pili vilevile. Baba akaacha kwenda mnadani, akawa anakaa nyumbani anashika tama, na jioni moja aliniuliza, kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake, kama nadhani mtu anaweza kuhukumu ng'ombe za watu ilhali amelelewa kwa maziwa ya wizi.

Niliamkia ukumbini. Nikamwambia Mwalimu ashushe ile picha.

"Hapana," akasema.

"Mwalimu, ni babu yangu."

"Najua, jina si ulinipa wewe? Nikiishusha leo watasema imeshushwa kwa sababu ni kweli. Na mimi sijui kama ni kweli. Wewe unajua?"

"Kwa hiyo bora Baba afe kwa aibu, ukuta wako usipungue?"

Nikamwambia maneno mengine ambayo siyaandiki, nikatoka. Majuma matatu tulifungua milango yetu asubuhi tukitazamana na sikumsalimu. Yeye alinisalimu kila siku. Jirani wa duka la pili alinionya kwamba namnunia mtu mzima, nikamwambia ashughulike na vitunguu vyake.

Wakati huo wote nilimwona, kwa sababu hata ukinuna macho hayanuni. Alisogeza kigoda mbele ya picha ile akakaa. Wageni waliingia na kutoka, yeye amekaa. Alifikiri nini sikujua, na wakati ule sikujali.

Kisha asubuhi moja, duka limejaa wakulima wanaotaka dawa ya funza wa pamba, Mwalimu akavuka barabara na picha kwapani. Hakusalimu mtu. Alifika kaunta akaniambia, "Vua shati."

"Nini?"

"Shati. Vua. Una fulana ndani?"

Sikuwa na fulana ndani. Lakini mtu aliyekufundisha darasa la tano akikuambia vua, mikono humtii kabla ya akili. Nilivua mbele ya wateja. Alilitandaza shati langu juu ya kaunta, akaliweka karibu na picha.

"Vifungo vyako, ukiwa umelivaa, viko upande gani?"

"Kulia."

"Na mfuko wa kifuani?"

"Kushoto, juu ya moyo."

"Kila shati la kiume?"

"Kila moja, Mwalimu."

"Afadhali hilo ulishika. Sasa acha kumtazama ng'ombe. Mtazame babu yako."

Nikamtazama. Vifungo vya babu vilikuwa kushoto kwake. Mfuko ulikuwa kulia.

Mkulima mmoja akasema huenda marehemu alivaa blauzi ya mkewe. Mwalimu alimgeukia: "Na mfuko nao ukahama kwa mapenzi?" Kisha akatoa kwenye pochi yake filamu ya ile picha, aliyoitafuta usiku kucha kwenye bati la biskuti, akaiinua mlangoni penye mwanga. Filamu, akatueleza, ni kama kitambaa, ina upande wa nje na upande wa ndani. Mmoja unang'aa, mwingine umefifia. Alikuwa amezilinganisha na filamu nyingine za bati lile zenye picha za magunia, ambapo maandishi ya gunia yanakuonyesha upande upi ndio sahihi. Kijana wa studio aliyeikuza picha ya babu alikuwa ameiweka kinyumenyume. Kila kilichokuwa kulia kikaenda kushoto.

Akaigeuza ile filamu mbele ya macho yangu. Vifungo vikarudi kulia. Mfuko ukarudi juu ya moyo. Na ng'ombe, mdogo kama kucha, alikuwa amekatwa sikio la kushoto.

Sijui nilipiga kelele gani. Najua nilijikuta katikati ya barabara kifua wazi, simu sikioni, nikimwambia Baba maneno yasiyoshikana, na Baba upande wa pili akisema, "Tulia. Sema tena. Sikio lipi?" Nikarudia mara tatu. Halafu nikamsikia akimwita mama amletee viatu.

Sisi sote tulikuwa tumekaa mbele ya picha ile, wazee wanaojua ng'ombe kuliko wanavyojua wake zao, na kwa ujuzi wetu huohuo tukaingia shimoni. Tuliangalia sikio tu. Mtu mmoja tu alimtazama babu yangu kama mtu aliyevaa nguo.

Mzee wa Sola aliitwa, akaja. Mwalimu alimpa filamu aishike mwenyewe, naye akaigeuzageuza kwenye dirisha muda mrefu. Nilitegemea aone haya au akasirike, lakini alifuta macho.

"Nilikuwa nimempata," akasema. "Miaka yote hiyo tunamtafuta. Sasa amepotea mara ya pili."

Baba, ambaye alikuwa na haki zote za kumfokea, alimshika mkono wakatoka nje pamoja. Wazee wa pande mbili wakakaa, na uamuzi ukawa kwamba mzee wa Sola atoe mbuzi kwa kumsingizia marehemu. Nilidhani yameisha, lakini mmoja akauliza, na huyu Mwalimu je? Si ukuta wake ndio uliosema uongo? Nikaanza kumtetea, Mwalimu akaniambia ninyamaze. Alikubali kosa papo hapo na kesho yake akaleta mbuzi wake, mwembamba hivi kwamba wazee walimuuliza kama naye amemsafisha kutoka kwenye filamu. Tuliwala mbuzi wote wawili nyuma ya ghala, watu wa Sola na wa kwetu, na Jumamosi iliyofuata Baba alirudi mnadani.

Ile picha kubwa yenye makosa Mwalimu hakuichoma. Alimpa mzee wa Sola aende nayo nyumbani. Nyuma aliandika kwa wino mwekundu kwamba imegeuzwa na isitumike kwenye kesi yoyote. "Ng'ombe wake hana picha," aliniambia nilipomshangaa. "Wacha akae na huyu." Ukutani alitundika iliyosafishwa upya, na chini ya jina la babu akaongeza mstari kwamba ukumbi uliwahi kuionyesha vibaya na kwamba kosa ni la mtunzaji.

Niliendelea kupeleka sukari na yeye akaendelea kunichemshia majani ya jana. Lakini msamaha sikumwomba. Kila nikitaka kuanza aliniuliza bei ya mbegu.

Miaka michache baadaye macho yake yakaanza ukungu. Aliwakabidhi ukumbi walimu wawili vijana, akahamia kwa binti yake aliyeishi Binza, pale Maswa. Mwaka huu, baada ya mavuno, nilipanda basi na kilo kadhaa za mchele kwenda kumwona. Nilimkuta barazani, anachambua maharage kwa vidole, haangalii. Alinitambua kwa sauti, akaniuliza habari za duka, za Baba, za paa la ghala. Nikamwambia Baba hajambo, wiki iliyopita tu aliitwa mpaka Bariadi kwa kesi ya mtamba. Alifurahi akapiga goti lake kofi.

Labda ni kwa sababu hakuweza kuniona vizuri, nikapata ujasiri.

"Mwalimu, kuna kitu nimekaa nacho. Na kama vifungo vya babu vingekuwa upande wake?"

"Kwamba picha iko sawa?"

"Ndiyo. Kwamba aliiba kweli."

Vidole viliendelea na maharage. "Ningeiacha ukutani," akasema.

"Na jina?"

"Na jina lake. Ningeandika kwamba aliiba. Halafu ningefunga ukumbi, nipande gari niende Lagangabilili kwa baba yako. Ningekaa hapo mpaka jioni, nile nilichopewa, majirani wote wanione. Kesho yake ningekwenda tena. Nilikuwa nimeshamwambia binti yangu huyu anishonee sketi ya safari."

Binti yake, aliyekuwa mlangoni, akaitikia kwamba ni kweli, na sketi ile ipo mpaka leo.

Majuma matatu nilimnunia mtu aliyekuwa anajiandaa kuja kukaa na Baba siku ambayo hakuna mwingine angekuja. Nikamwambia nisamehe. Nililisema waziwazi, kama mtoto, na machozi yakanitoka.

"Nilishakusamehe siku ulipovua shati," akasema. "Linalonisumbua ni lingine. Hakuiba, basi nikakosa sababu ya kwenda. Kwani ninyi watu wa Lagangabilili, mtu halagi ugali wenu mpaka babu yenu awe mwizi?"

Kwa miaka yote ile hatukuwahi kumwalika nyumbani, hata mara moja. Nikampigia Baba simu palepale, nikamweleza, na nilipomaliza akanifokea kama sijawahi kufokewa tangu nioe. Akataka apewe Mwalimu.

Nikamwekea simu sikioni. Alisikiliza, akaitikia kwa kichwa, akasema wabeja, asante ya Kisukuma, mara mbili. Kisha akamgeukia binti yake.

"Nitolee ile sketi," akasema. "Twende kabla mzee hajabadili mawazo."